Mbwa jike wa kupakata: umzalishe, umtoe kizazi, au umwache alivyo?

Mwenye Chihuahua, Maltese, Shih Tzu au Pomeranian jike hapa Mombasa hukutana na swali hili mapema. Mbwa anafikisha miezi minane au kumi, anaingia joto (siku za kutaka dume) kwa mara ya kwanza, matone ya damu yanaonekana sakafuni, na ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anasema mpandishe, watoto wa mbwa hawa wana bei. Mwingine anasema mpeleke akatolewe kizazi, upumzike. Wa tatu anasema mwache alivyoumbwa, wewe funga geti tu.

Nimeishi na Maltese jike katika njia mbili kati ya hizo: alizaa mara moja, kisha nikamtoa kizazi. Njia ya tatu naijua kwa jirani yangu wa zamani wa Bamburi, ambaye Shih Tzu wake hajawahi kupandwa wala kupasuliwa. Namwandikia aliyekwama katikati, hasa anayefikiria kuzalisha kwa sababu amesikia kuna pesa. Pesa zipo, wakati mwingine. Ila kwa mbwa wa kupakata anayebeba hatari ni mama, na watoto ni wachache. Mambo hayo mawili hayatajwi pale bei inapotajwa.

Vipimo vyetu

Tukubaliane kwanza tunapima nini. La kwanza ni afya ya jike mwenyewe, leo na akizeeka. La pili ni pesa: zinazotoka, zinazoingia, na za dharura usizozipangia. La tatu ni muda wako, pamoja na usingizi. La nne ni mazingira, yaani joto la Mombasa, nyumba unayokaa na watu mnaoishi nao. Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Na kuna jambo moja la kukumbuka kote: udogo. Chihuahua wa kawaida hazidi kilo 3. Maltese na Pomeranian wako hapohapo au juu kidogo, na Shih Tzu anaweza kufika kilo 7. Mtoto wa Chihuahua akizaliwa ana gramu 100 hivi, sawa na mayai mawili ya kuku. Mwili wa kiasi hicho hauna akiba. Sukari hushuka upesi, joto hupotea upesi, na damu kidogo ikimwagika ni nyingi. Tena jike wa aina hizi huzaa kwa kawaida mtoto mmoja hadi wanne, wakati German Shepherd anaweza kuleta wanane.

Njia ya kwanza: kumzalisha

Afya ya jike. Hapa pana mengi, na sitapaharakisha.

Hatari ya kwanza ni kuzaa kwenyewe. Watoto wa Chihuahua wana vichwa vya mviringo, vikubwa kwa miili yao, na nyonga ya mama ni finyu. Shih Tzu, Pug na Pekingese wana shida hiyohiyo na juu yake pua fupi: uchungu ukizidi mama anahema na hewa haimtoshi. Watu hufurahi wakiambiwa mimba ni ya mtoto mmoja, wakidhani mama atazaa kwa wepesi. Mara nyingi huwa kinyume. Mtoto wa pekee hunenepa kwa kuwa nafasi na chakula ni vyake peke yake, na ishara anayoupa mwili wa mama kwamba siku zimetimia huwa hafifu. Uchungu unachelewa au hauji kabisa, na mtoto anatolewa kwa upasuaji.

Mimba huchukua siku 63 hivi tangu mayai yapevuke. Ukihesabu tangu siku ya kupandwa utakosea kwa siku kadhaa huku au huku, kwa sababu mbegu za dume huishi ndani ya jike kwa siku nyingi. Ndiyo maana wanaozalisha kwa uangalifu hupima projesteroni, homoni ya uzazi iliyo kwenye damu, wakati wa joto, wajue mayai yalipevuka lini. Kuanzia siku ya 28 hivi ultrasaundi huonyesha kama ana mimba. Baada ya siku ya 55 eksirei huonyesha wako wangapi, na hesabu hiyo usiidharau: ukijua ni watatu, na wawili wametoka, unajua kwamba kazi haijaisha hata kama mama amelala kimya.

Wiki ya mwisho mpime joto la mwili asubuhi na jioni. La kawaida ni nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2, uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Mpigie daktari bila kungoja asubuhi iwapo saa hizo zimepita na hakuna uchungu, iwapo anasukuma kwa nguvu nusu saa na mtoto hatoki, iwapo saa 2 zimepita tangu mtoto mmoja na unajua wengine wamo ndani, au iwapo umeona majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza. Kijani hicho kinatoka kwenye kondo linaloanza kubanduka, na mtoto aliye ndani anakosa hewa.

Hatari ya pili huja wakati umeshapumua. Jike wangu alizaa salama watoto watatu, nikashukuru, nikadhani yamekwisha. Siku ya 17 akaanza kuhema na kutetemeka, akitembea kama amesimamia vijiti. Ilikuwa siku ya mvua, nikamfunika taulo nikidhani ni baridi. Hadi nafika kwa daktari mwili ulikuwa umekakamaa na joto limepanda vibaya. Ilikuwa kalsiamu: watoto wanaivuta kwenye maziwa kuliko mwili wake mdogo unavyoweza kuirudisha. Wafugaji wa ng'ombe huijua kama homa ya maziwa. Daktari alimpa kalsiamu kwenye mshipa, polepole, huku akisikiliza moyo, na ndani ya dakika chache alilegea na kunyanyua kichwa. Ningechelewa saa chache ningempoteza. Wanaoshambuliwa zaidi ni majike wadogo, hasa katika wiki nne za kwanza za kunyonyesha.

Na hapa kuna ushauri wa mitaani ambao ni hatari kweli: "mpe kalsiamu tangu apate mimba." Ukimpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba, tezi zinazouamuru mwili utoe kalsiamu kwenye mifupa hulegea, na maziwa yakianza haziamki kwa wakati. Mpe chakula kamili cha watoto wa mbwa au cha jike mwenye mimba, na kalsiamu ya ziada mwachie daktari.

Kisha kuna maradhi ya kupandana. Kuna uvimbe wa saratani unaohama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana, na unaonekana zaidi katika nchi za joto zenye mbwa wengi wanaozurura. Hutibika kwa sindano za dawa ya saratani, kila wiki kwa wiki kadhaa, lakini hakuna sababu ya kumpitisha jike wa kilo 3 huko. Kuna pia bakteria ya Brucella canis, inayotoa mimba mara nyingi kati ya siku ya 45 na ya 55 na inayoweza kumwambukiza binadamu. Dume apimwe kabla. Mwenye dume akikasirika ukimwomba majibu ya vipimo, tafuta dume mwingine.

Nani asizalishwe kabisa? Aliye chini ya mwaka mmoja na nusu. Aliye mdogo kupita kiasi: wazalishaji wengi waangalifu hawampandishi Chihuahua aliye chini ya kilo 2 hivi. Anayerukaruka kwa miguu mitatu, kwa sababu goti linaloteguka hurithiwa na ni la kawaida kwa mbwa hawa. Na aliyepasuliwa mara mbili wakati wa kuzaa: The Kennel Club ya Uingereza haiandikishi watoto wa jike aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa uzazi mara mbili, wala uzao wa tano. Sheria hiyo haitubani sisi, lakini ni kipimo kizuri cha kujipimia.

Pesa. Sitakupa bei za shilingi kwa sababu zinatofautiana kliniki na kliniki. Tumia kipimo kisichobadilika: bei ya mtoto mmoja. Mwenye dume kwa kawaida hudai pesa zinazokaribia bei hiyo, au mtoto mmoja atakayemchagua yeye kabla yako. Tuseme jike wako amezaa watatu. Mmoja ni wa mwenye dume. Mmoja akifa wiki ya kwanza, na kwa mbwa wadogo hivi si jambo geni, umebaki na mmoja. Huyo ndiye atakayelipia vipimo vya damu, ultrasaundi, eksirei, chakula cha mama ambacho akinyonyesha hufika mara mbili hata tatu ya kawaida, dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2, na chanjo kuanzia wiki ya 6. Mama akipasuliwa usiku, bei ya mtoto mzima inaweza kuishia hapo kabla hujalipa kingine. Wakizaliwa wanne, wote wakaishi, na mama akajifungua mwenyewe, kuna kinachobaki. Hutokea. Lakini huwezi kukipangia karo ya shule.

Wanunuzi nao hawako mlangoni. Wanaotaka karatasi za ukoo watakuuliza kuhusu East Africa Kennel Club, na kama wazazi hawakuandikishwa hutaweza kuwapa. Wengine wako Nairobi, kilomita karibu 480, na mtoto wa nusu kilo akisafirishwa usiku kucha bila kula anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Asiondoke kabla ya wiki 8, na kwa aina ndogo kabisa mimi nasema 12. Na ukisikia mtu anatafuta mbwa wa "saizi ya kikombe," ujue hakuna aina kama hiyo inayotambuliwa. Ni mbwa mdogo kupita kiasi, mara nyingi dhaifu. Kumpandisha jike mdogo zaidi na dume mdogo zaidi ili kupata bei hiyo ni kumchezea mama maisha yake.

Muda. Tangu kupandwa hadi mtoto wa mwisho kuondoka ni miezi mitano hivi. Wiki mbili za kwanza hutalala. Watoto wanyonye kila saa 2 au 3, wapate dang'a siku ya kwanza, wapimwe kila siku kwenye mizani ya jikoni na waongezeke. Asiyeongezeka siku moja anahitaji msaada siku hiyohiyo. Mtoto aliyepoa usimlishe. Mpashe moto kwanza polepole, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi maziwa. Kama unatoka asubuhi kwenda kazini bandarini na kurudi jioni, na nyumbani hakuna mtu, hilo peke yake limeshajibu swali lako.

Mazingira. Watu hufikiri joto letu linasaidia watoto wachanga. Linasaidia nusu. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 29 hadi 32 pale walipolala, na kiota kilichokingwa upepo hapa Mombasa kinakaribia hapo chenyewe. Tatizo ni kwamba mama hawezi kuvumilia wanachokihitaji watoto. Wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari na Machi, hewa imesimama na unyevu ni mwingi, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema; hewa ikiwa na unyevu kuhema hakusaidii sana. Ukimwashia mama feni, upepo unawapoza watoto. Dawa ni chumba chenye hewa ya kupita, feni isiyoelekezwa kwenye kiota, na kona moja ya kiota yenye chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, watoto wachague wenyewe. Kama jike wako ana pua fupi na joto lake limeangukia Desemba au Januari, subiri joto la pili, azae wakati wa kusi.

Kupe nao. Mtoto wa gramu 100 hana damu ya kuwagawia, na dawa nyingi za kupe haziruhusiwi kwa watoto wa umri huo. Safisha mama na nyumba kabla hajazaa.

Majirani ni sehemu ya hesabu. Katika nyumba zenye ua mmoja za Mji wa Kale, Majengo au Kisauni, mbwa wanne wanaopita kwenye sebule ya pamoja si jambo dogo kwa jirani anayeswali mara tano kwa siku, ambaye mate ya mbwa yakimgusa anapaswa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Adabu ni kumuuliza kabla, wala si kuomba radhi baadaye. Na kama wewe mwenyewe ni Mwislamu unayefuata madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi wa pwani, jua kwamba madhehebu hayo hayaruhusu kuuza mbwa. Zungumza na sheikh wako kabla hujapiga hesabu yoyote.

Inamfaa nani. Mwenye jike mwenye afya, wa miaka 2 hadi 5, asiye na kasoro ya kurithi. Ambaye yuko nyumbani au ana mtu wa kuaminika nyumbani. Mwenye pesa ya upasuaji mkononi kabla ya dume kufika. Na anayepata daktari usiku. Anayeishi Likoni na daktari wake yuko kisiwani ajue kwamba feri haijui uchungu wa mbwa. Mtu huyo akizalisha mara moja au mbili hafanyi kosa. Watoto wazuri wanaolelewa ndani ya nyumba, wanaozoea sauti na mikono ya watu, hutoka kwa watu kama yeye.

Njia ya pili: kumtoa kizazi

Afya ya jike. Anaondolewa ovari, na mara nyingi mji wa mimba pia. Baada ya hapo hawezi kupata usaha kwenye kizazi, maradhi yanayoua majike wazima wasiozaa na waliozaa. Takwimu za bima za mbwa huko Uswidi zilionyesha kwamba karibu robo ya majike wenye vizazi huupata kabla ya kutimiza miaka 10. Kuhusu saratani ya matiti, utafiti wa Marekani wa 1969 ulidai kwamba anayetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari ya asiyetolewa, na baada ya joto moja asilimia 8. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza waliupitia upya ushahidi huo na kuuona hafifu, kwa hiyo usiuchukue kama ahadi. Hata hivyo madaktari wengi bado wanaona kuna kinga.

Hatari yake ni ya siku moja, ile ya kisu na dawa ya usingizi. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulikuta mbwa mwenye afya hufa kwa usingizi wa dawa mara 1 kati ya 1,800 hivi. Aliye mgonjwa, 1 kati ya 75. Hizo ni kliniki za huko, lakini tofauti kati ya nambari hizo mbili ndiyo somo letu. Hapa pwani kupe wa kahawia huambukiza bakteria ya Ehrlichia, ambayo hupunguza chembe za kugandisha damu bila mbwa kuonekana mgonjwa. Jike anayekula na kucheza anaweza kuingia kwenye upasuaji akatoka damu isiyokatika. Omba kipimo cha damu kabla. Mwambie pia daktari kwamba hutaki mbwa wa kilo 2 afungwe kula usiku kucha kama mbwa mkubwa bila yeye kuamua hivyo, na uulize watampashaje moto akiwa amelala.

Baadaye hunenepa usipopunguza chakula kwa robo hivi, na baadhi yao huvujisha mkojo uzeeni, ingawa wadogo si sana kama wakubwa.

Pesa. Unalipa mara moja, unajua kiasi, unachagua siku. Hakuna kitakachoingia. Nenda kwa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Upasuaji wa bei ya kutupa kwa mtu asiye na leseni ni akiba inayoweza kugeuka msiba.

Muda. Siku 10 hadi 14 za kumzuia asiruke na asilambe mshono. Nilimvalisha wangu fulana ya mtoto mchanga, ikatosha.

Mazingira. Chagua siku ambazo hayuko kwenye joto, ikiwezekana miezi 3 hivi baada ya joto kuisha. Unyevu wa kaskazi huchelewesha kidonda kukauka, basi mlaze mahali penye hewa. Baada ya hapo mambo ya majirani yanapungua yenyewe: hakuna madume yanayolala getini, hakuna damu kwenye mkeka.

Inamfaa nani. Anayemtaka mbwa kwa ajili ya mapenzi tu, mwenye jike mdogo mno au mwenye kasoro, anayeishi kwenye ua wa pamoja, anayesafiri sana. Haimfai kwa sasa jike mgonjwa wa kupe, hadi atibiwe, wala anayejua moyoni kwamba mwakani atataka uzao mmoja. Kizazi hakirudishwi.

Njia ya tatu: kumwacha alivyo na kumlinda

Afya ya jike. Hakatwi, hazai, na kwa miaka ya mwanzo hana shida. Deni linakuja mbele. Kila joto linapopita bila mimba, kizazi hubaki chini ya projesteroni kwa wiki nyingi, na usaha ukitokea kwa kawaida huonekana mwezi mmoja au miwili baada ya joto. Dalili ni kunywa maji mengi, kukataa chakula, tumbo kujaa, pengine kutokwa na usaha, pengine kutotokwa na kitu, na huko ndiko kubaya zaidi. Wengine hupata mimba ya uongo: miezi miwili baada ya joto anatengeneza kiota na kubeba kiatu kama mtoto, na chuchu zinatoa maziwa. Hiyo hupita.

Shih Tzu wa jirani yangu ana miaka 7 sasa na ni mzima. Yeye huandika tarehe ya kila joto kwenye kalenda ya ukutani na kumkagua matiti kila mwezi. Anayechagua njia hii bila kalenda hajachagua njia hii.

Pesa. Leo ni rahisi kuliko zote. Ukija usaha, unalipia upasuaji uleule wa kutoa kizazi, ila kwa mbwa mzee, mgonjwa, usiku wa dharura.

Muda. Wiki 3 kila miezi 6 au 7, mwaka hadi mwaka. Wengi hulegea wiki ya pili damu inapofifia wakidhani yamekwisha. Siku hizo ndizo anazokubali dume.

Mazingira. Mtihani uko hapa. Mitaa yetu ina mbwa koko, na dume hunusa jike kutoka mbali. Ukuta wa makuti au geti lenye nafasi chini halimzuii. Jike wa kilo 3 akipandwa na koko wa kilo 15 anaweza kujeruhiwa papo hapo, na watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia ya kutokea. Ukiwakuta wameshikana usiwavute. Watajiachia, na mpeleke kwa daktari siku hiyo. Wasiliana naye pia kuhusu kichaa cha mbwa kama kulikuwa na kung'atana, hata kama jike wako ana chanjo.

Inamfaa nani. Anayekaa ghorofani, tuseme Nyali au Kizingo, ambako mbwa hashuki peke yake. Asiyeamua bado na anataka mwaka mmoja wa kufikiri. Na mwenye jike ambaye daktari amemkataza usingizi wa dawa. Haimfai mwenye dume nyumbani. Kuwatenganisha kwa mlango kwa wiki tatu kunashindwa mara moja tu, na mara hiyo inatosha.

Chagua kwa hali yako

Kama sababu yako ni pesa na huna akiba ya upasuaji, usizalishe mwaka huu. Mwache na kumlinda, weka akiba, kisha uamue upya. Ukikuta akiba imetimia na hamu bado ipo, pima magoti, pima damu, tafuta dume aliyepimwa.

Kama ana pua fupi na unaishi chumba kisicho na hewa, ondoa uzazi kwenye mawazo, ubaki na njia mbili za mwisho. Kama unaishi kwenye ua wenye koko wanaoingia na kutoka, kumtoa kizazi ndiko kutakupa usingizi, baada ya kipimo cha damu cha maradhi ya kupe.

Kama watoto wako wa nyumbani wanataka "waone mbwa akizaa," wakumbushe kwamba wanaweza pia kumwona akifa, kisha muulize daktari wako kama kuna uzao kwa mteja mwingine mnaoweza kutembelea.

Kama amevuka miaka 6 na hajawahi kuzaa, usimwanzishe. Chaguo lako ni kisu akiwa mzima au kalenda ukutani, na ningezungumza na daktari kuhusu kisu kabla joto lijalo halijafika.

Na kama unasoma haya ameshapandwa, kwa mpango au kwa bahati mbaya, una siku chache za kuamua. Mimba usiyoitaka daktari anaweza kuizuia mapema au kumtoa kizazi ikiwa changa. Usimnunulie sindano mwenyewe dukani. Ukiitaka, siku ya 28 ultrasaundi, siku ya 55 eksirei, chakula cha watoto wa mbwa kuanzia wiki ya 5 au ya 6 bila kalsiamu ya ziada, kipimajoto kando ya kiota, nambari za madaktari wawili wanaopokea simu usiku, mmoja upande wako wa maji, na pesa ya upasuaji ikae kwenye simu bila kuguswa hadi watoto watimize wiki nne.